Istilahi za Ndani ya Kompyuta: Msaada kwa Walimu wa Usanifu na Mpangilio wa Kompyuta

1. Utangulizi

Mwalimu anayewafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza somo la usanifu na mpangilio wa kompyuta hubeba mizigo miwili kwa mara moja. Mzigo wa kwanza ni wa somo lenyewe, nalo si jepesi: hapana budi amwongoze mwanafunzi kutoka kwenye swichi ndogo mno inayofunguka na kufungika hadi kwenye mtambo unaotekeleza mabilioni ya maagizo kwa sekunde. Mzigo wa pili ni wa lugha. Vitabu vya somo hili vimeandikwa kwa Kiingereza, na mihadhara hutolewa kwa Kiingereza. Lakini mhadhara ukiisha, mwanafunzi humfuata mwalimu mlangoni na kumwuliza jambo ambalo hakulielewa, na aghalabu jibu hutolewa kwa Kiswahili. Hapo ndipo mwalimu hujikuta hana neno, au ana neno moja la kutajia mambo manne.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu huyo, pamoja na mfasiri anayetayarisha vitabu na mtumishi wa serikali ambaye barua na zabuni za mitambo hupita mezani pake. Hatutatoa orodha ndefu ya maneno. Tumechagua istilahi chache tu ambazo zikikosewa somo zima hupinda, na kwa kila moja tutaeleza kwanza jambo lenyewe lilivyo, ndipo tupime maneno yanayogombea kulitaja.

Yafaa ieleweke kwamba kazi kubwa imekwisha kufanywa katika istilahi za kompyuta. Tumebishana juu ya jina la mtambo wenyewe, wengine wakisema kompyuta, wengine tarakilishi, wengine ngamizi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi zilizosema Kiswahili, na maneno kama faili, kabrasha na menyu yakazidi kuzoeleka. Lakini maneno hayo karibu yote hutaja vitu anavyoviona mtu aliyeketi mbele ya kioo. Mwalimu wetu kazi yake ni kulifungua sanduku na kueleza yaliyomo, na huko ndani bado kuna giza la maneno.

2. Usanifu na mpangilio: ahadi na namna ya kuitimiza

Jina la somo lenyewe ndilo mtego wa kwanza. Kwa Kiingereza lina maneno mawili: moja ni lile linalotumiwa kwa kazi ya msanifu wa majengo, na jingine linatokana na kupanga. Wapo wanaoyafasiri yote mawili kwa neno muundo, wakidhani kwamba ni visawe vilivyowekwa pamoja kwa kupamba jina. Si visawe hata kidogo, na mwanafunzi asiyeipata tofauti yake hataelewa kwa nini somo hili lipo.

Tofauti hiyo ina tarehe. Mwezi Aprili 1964 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza jamii ya kompyuta iitwayo System/360. Kabla ya hapo mteja aliyenunua mtambo mkubwa zaidi alilazimika mara nyingi kuziandika upya programu zake, kwa sababu mtambo mpya haukuelewa maagizo ya ule wa zamani. Jamii hii ilikuwa na mitambo midogo ya bei nafuu na mikubwa ya bei ghali, na yote ilikusudiwa kuelewa maagizo yaleyale. Katika makala waliyoyatoa mwaka huohuo, Gene Amdahl, Gerrit Blaauw na Frederick Brooks walitenganisha mambo mawili. La kwanza ni mtambo jinsi unavyoonekana kwa mwandishi wa programu: maagizo anayoweza kutoa, rejista alizo nazo, na jinsi anavyozitaja anwani za kumbukumbu. La pili ni jinsi vipande vya mtambo vilivyopangwa ndani ili kuyatekeleza hayo.

Mfano wao ni bora kuliko maelezo yoyote. Mwandishi wa programu za System/360 alikuwa na rejista 16 za matumizi ya jumla, kila moja ya biti 32. Aliahidiwa kwamba akitoa agizo la kujumlisha, namba mbili za biti 32 zitajumlishwa. Katika Modeli 30, iliyokuwa miongoni mwa midogo, njia za ndani zilipitisha biti 8 tu kwa mara moja. Kwa hiyo mtambo ulijumlisha vipande vinne kimoja baada ya kingine. Mitambo mikubwa zaidi ilizijumlisha biti zote 32 kwa mkupuo. Jibu lilikuwa lilelile. Muda na bei vilitofautiana.

Basi twapendekeza ahadi ile iitwe usanifu, na namna ya kuitimiza iitwe mpangilio. Wapo watakaosema kwamba neno usanifu limekwisha shikwa na majengo, na neno sanifu limeshikwa na lugha, tunaposema Kiswahili sanifu. Sisi twaona kwamba jambo hilo ni faida. Lugha sanifu ni mapatano ambayo watu wa mahali mbalimbali huyafuata ili waelewane, ingawa kila mmoja nyumbani kwake ana lafudhi yake. Usanifu wa kompyuta nao ni mapatano ya namna hiyo: watengenezaji mbalimbali huyafuata, ilhali ndani kila mmoja ana mpangilio wake. Leo programu ileile huendeshwa na vichakataji vya Intel na vya AMD, ingawa vimepangwa ndani kwa namna tofauti. Neno letu lina maana ambayo neno la Kiingereza halinayo, na mwalimu ana haki ya kuitumia.

Kutokana na hayo mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kipimo kimoja cha kudumu. Jambo likibadilishwa, je, programu iliyoandikwa kwa usahihi itatoa jibu tofauti, au haitafanya kazi kabisa? Kama ndivyo, jambo hilo ni la usanifu. Je, jibu litabaki lilelile na kubadilika muda, joto au bei tu? Basi ni la mpangilio. Idadi ya rejista anazoziona mwandishi wa programu ni usanifu. Ukubwa wa kache, ambayo tutaieleza hapa chini, ni mpangilio. Neno muundo lenyewe tungependa liachwe kwa miundo ya data, ambako limekwisha zoeleka.

3. Ghala, kinu na kumbukumbu

Charles Babbage, Mwingereza aliyebuni mtambo wa kukokotoa katika miaka ya 1830, aliyachukua majina ya sehemu zake kutoka kwenye viwanda vya nguo vya nchi yake. Mahali pa kuwekea namba alipaita ghala, na mahali pa kuzifanyia hesabu alipaita kinu. Mtambo wake haukukamilika, lakini mgawanyo ule umebaki hadi leo. Mwenye Kiswahili hana haja ya kuuonea ugeni. Kitenzi kuchakata tulikwisha kuwa nacho katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, ambako jani huingia zima na kutoka nyuzi. Tunapoita sehemu ya hesabu na udhibiti kichakataji, tunakaa katika safu ileile ya kinu cha Babbage, na neno lina asili inayoeleweka.

Kwa upande wa ghala mambo hayakwenda hivyo. Mwaka 1945, katika ripoti yake juu ya mtambo wa EDVAC, John von Neumann alizieleza sehemu za kompyuta kwa kuzifananisha na mfumo wa fahamu wa binadamu, na sehemu ya kuwekea data na maagizo akaiita kwa neno la ukumbukaji. Waingereza waliendelea kwa muda mrefu kusema ghala. Neno la Marekani ndilo lililoshinda, nasi tukalifasiri kumbukumbu.

Neno hili limeenea na hatupendekezi liondolewe. Lakini mwalimu hana budi ajue linapopotosha. Katika ofisi zetu kumbukumbu ni maandishi yanayohifadhiwa: kumbukumbu za mkutano huwekwa katika jalada ili zisomwe hata baada ya miaka 20. Kumbukumbu kuu ya kompyuta hufanya kinyume chake. Umeme ukikatika, yote yaliyokuwamo hufutika. Mtumishi aliyeambiwa kwamba barua yake iko kwenye kumbukumbu ana kila sababu ya kuzima mtambo akaenda nyumbani akiwa na moyo mtulivu, na kesho yake asiikute.

Kwa hiyo twapendekeza mgawanyo ufuatao, na tunawasihi wafasiri wausimamie. Kumbukumbu kuu iwe ile ambayo kichakataji husoma maagizo na data kutoka kwake wakati wa kazi, na ambayo hufutika umeme ukikatika. Hifadhi iwe mahali pa kudumu, kama vile diski. Neno kumbukumbu lisitumiwe kamwe kwa diski, wala hifadhi kwa kumbukumbu kuu, hata pale ambapo mwandishi wa Kiingereza mwenyewe amelegeza maneno yake.

Neno rejista nalo lina mtego wake. Kila aliyesoma shule anaijua rejista ya mahudhurio, daftari lenye majina mengi. Rejista ya kichakataji haina orodha; hubeba kitu kimoja tu, namba moja au anwani moja, na ni mahali pa karibu kuliko pote. Twakubali neno libaki, lakini mwalimu aanze kwa kulikana daftari la shule. Aseme kwamba rejista ni kiganja cha kichakataji: kilichomo kiganjani ndicho kinachofanyiwa kazi sasa hivi.

4. Kache, au fimbo iliyo karibu

Ili mwanafunzi aone kwa nini kuna ngazi nyingi za kuwekea data, yafaa apewe vipimo vya muda, naye avikuze hadi vilingane na maisha yake. Kwa makadirio, kuisoma rejista huchukua chini ya nanosekunde 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kuisoma kumbukumbu kuu huchukua kama nanosekunde 100. Kulifikia jambo katika diski inayozunguka huchukua kama milisekunde 10. Sasa tuikuze nanosekunde 1 iwe sekunde 1. Rejista itasomwa kwa sekunde moja au pungufu. Kumbukumbu kuu itasomwa kwa sekunde 100, yaani dakika moja na nusu na ushei. Diski itajibu baada ya sekunde milioni 10, nazo ni siku 115, yaani karibu miezi minne. Fundi cherehani ambaye kila akitaka uzi hungoja miezi minne hatashona kanzu.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kache ni fimbo iliyoletwa karibu: ni kumbukumbu ndogo yenye kasi, iliyowekwa baina ya kichakataji na kumbukumbu kuu, ambayo huweka nakala ya mambo yaliyotumika hivi punde na ya jirani zake, kwa kutarajia kwamba yatatakiwa tena. Maurice Wilkes wa Cambridge aliieleza fikra hii katika makala ya mwaka 1965. Jina la sasa lilienea kuanzia mwaka 1968, kutokana na makala ya IBM juu ya Modeli 85 ya System/360, nalo lina asili ya Kifaransa kwenye kitenzi cha kuficha. Kilichofichwa ni kache yenyewe: mwandishi wa programu haioni wala haitaji katika maagizo yake ya kawaida. Hapa mwanafunzi aonyeshwe kwamba jina lenyewe linakumbusha kanuni ya sehemu ya pili: kilichofichika kwa mwandishi wa programu ni mpangilio.

Je, tuiite nini? Tulilitazama kwa hamu neno kibindo, lile pindo la nguo kiunoni ambalo mtu huwekea fedha kidogo za haraka. Sifa zake tatu zinafaa: ni dogo, liko karibu na mwili, na watu hawalioni. Lakini kibindo hujazwa na mwenyewe kwa hiari yake, akijua alichokiweka. Kache hujazwa na mtambo, bila ya mwandishi wa programu kuagiza, na huondoa ya zamani ili kupisha mapya bila ya kumwarifu. Sifa hiyo ya nne ndiyo kiini cha jambo. Kwa sababu hiyo twapendekeza istilahi iwe kache, neno lililokwisha kuingia na lisilobeba maana nyingine kwetu, na kibindo kibaki kuwa mfano wa mwalimu, ambao atautaja kisha aseme unakoishia.

5. Msururu wa hatua

Hakuna mahali ambapo tafsiri ya neno kwa neno imeleta madhara kama katika mbinu ya kuyatekeleza maagizo mengi kwa kupishanisha hatua zake. Jina lake la Kiingereza ni lile la bomba refu la kusafirishia mafuta, na wepesi wa kufasiri umewafanya wengine waseme bomba. Mtanzania akisikia bomba hukumbuka lile la TAZAMA, lililoanza kupeleka mafuta Zambia kutoka Dar es Salaam mwaka 1968. Katika bomba hilo kinachoingia ndicho kinachotoka. Katika kichakataji sivyo: kila kituo hulifanyia agizo kazi yake. Kimoja hulichukua agizo kutoka kwenye kumbukumbu, kimoja hulifasiri, kimoja hufanya hesabu, kimoja huandika jibu.

Kitabu cha David Patterson na John Hennessy juu ya mpangilio na ubunifu wa kompyuta, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1994 na ambacho vyuo vingi duniani hukitumia, hueleza jambo hili kwa mfano wa kufua nguo kwa mashine ya kufulia na mashine ya kukaushia. Mfano ni mzuri kwa waliouzoea. Lakini kwa mwanafunzi ambaye kwao nguo huanikwa kambani hauna nguvu, maana jua hukausha kamba nzima kwa pamoja, na hakuna kituo cha pili cha kusubiriwa.

Tumtolee mfano wa chapati. Chukulia kwamba kila chapati ina hatua nne, na kila hatua ni dakika moja: kukata donge, kusukuma, kuchoma upande wa kwanza katika kikaango kimoja, kuchoma upande wa pili katika kikaango kingine. Mpishi mmoja akiimaliza kila chapati kabla ya kuanza nyingine, chapati 60 zitamchukua dakika 240. Wapishi wanne wakisimama kwa msururu, kila mmoja na hatua yake, chapati ya kwanza itatoka baada ya dakika 4, na baada ya hapo itatoka moja kila dakika. Zote 60 zitakuwa tayari kwa dakika 63. Mwalimu asiache hapo. Aulize: je, chapati moja imeiva upesi zaidi? La, bado ni dakika 4. Kilichoongezeka ni idadi inayotoka kwa saa. Aulize tena: kama kuchoma upande wa pili huchukua dakika 2? Basi msururu wote utatoa chapati moja kila dakika 2, kwa kuwa mwendo huwekwa na hatua iliyo ya polepole kuliko zote. Mwanafunzi akiyajibu haya mawili ameielewa nusu ya mada.

Kwa hiyo twapendekeza msururu wa hatua, na kwa kifupi msururu. Neno foleni tusilitumie hapa, maana limekwisha kuwa jina la muundo wa data, ambamo vitu husubiri zamu bila ya kufanyiwa kazi.

Pamoja na msururu huja neno ambalo kamusi za kawaida hulifasiri hatari. Tumewahi kuona maelezo yanayosema kwamba data za kichakataji zina hatari, na msomaji akadhani mtambo unaweza kuungua. Maana yake ni hali inayouzuia msururu kuendelea kwa mwendo wake. Twapendekeza kikwazo, nacho kiwe cha aina tatu. Kikwazo cha kifaa ni pale wapishi wawili wanapotaka kikaango kimoja kwa wakati mmoja. Kikwazo cha data ni pale agizo linapohitaji jibu la agizo lililotangulia ambalo bado liko katika msururu. Kikwazo cha udhibiti ni pale ambapo haijajulikana agizo lifuatalo ni lipi, kwa kuwa njia inagawanyika kufuatana na jibu lisilokuwa tayari. Ni kama mpishi ambaye hajaambiwa kama wageni watataka chapati au maandazi. Akisubiri, jiko linakaa bure. Akibashiri na kukosea, unga aliouanza huutupa na kuanza upya. Vichakataji vya sasa hubashiri, na aghalabu hupatia. Kitendo hicho tukiite ubashiri wa njia.

6. Maneno mengine manne yenye utata

Agizo. Kwa kila kitendo kimoja ambacho kichakataji huelewa, twapendekeza agizo, na jumla yake seti ya maagizo. Neno amri limekwisha zoeleka kwa yale ambayo mtumiaji huyaandika au huyachagua kwenye kioo. Amri moja ya mtumiaji inaweza kuzaa mamilioni ya maagizo. Kwa kufundishia, seti ndogo ni bora kuliko kubwa. RISC-V, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, ina seti ya msingi ya biti 32 yenye maagizo 40 tu, na yeyote anaruhusiwa kuitumia bila ya kulipia leseni. Maagizo 40 mwalimu anaweza kuyapa majina na maelezo ya Kiswahili katika muhula mmoja.

Mapigo. Ndani ya kila kichakataji mna kifaa ambacho Kiingereza hukiita saa. Saa yetu hutuambia wakati. Kifaa hiki hakimwambii mtu wakati, hupiga tu, kama mpiga ngoma anayewawekea wavuta kasia mwendo mmoja. Twapendekeza saa ya mapigo, na kila tukio liitwe pigo. Kichakataji cha gigahezi 3 hupokea mapigo bilioni 3 kwa sekunde. Katika muda wa pigo moja mwanga wenyewe husafiri kama sentimita 10 tu. Mwanafunzi akiyafikiri hayo ataelewa kwa nini umbali wa sentimita chache ndani ya mtambo ni jambo la kuhesabiwa.

Njia shirika. Nyaya ambazo sehemu kadhaa huzitumia kwa zamu kupitishia data huitwa na wengi basi. Lugha yetu inalo basi la abiria na inalo basi la kufungia hoja, na mwalimu atakayesema kwamba basi data hupita kwenye basi atawachekesha wanafunzi badala ya kuwafundisha. Sifa kuu ya nyaya hizo ni kwamba ni za wote, na kwamba mmoja tu huruhusiwa kusema kwa wakati mmoja. Njia shirika hulisema hilo waziwazi.

Katizo. Hapa lugha yetu imetupa neno linalotosha. Kifaa cha nje kinapohitaji kusikilizwa, hukikatiza kichakataji; kichakataji hutia alama mahali kilipofika, hukihudumia kifaa, kisha hurudi palepale. Mfano wake ni hodi. Mwenye nyumba haendi mlangoni kila baada ya dakika kuchungulia kama kuna mgeni; huendelea na shughuli zake, mgeni akipiga hodi huitika. Ile njia nyingine ya kwenda kutazama mara kwa mara, ambayo nayo hutumika, tuiite kuchungulia.

7. Kadi ya istilahi

Je, mwalimu apewe msaada gani? Orodha za maneno mawili, la Kiingereza kushoto na la Kiswahili kulia, zina manufaa yake kwa mfasiri mwenye ujuzi, lakini mwalimu hazimtoshi. Hazimwambii jambo lenyewe ni nini, wala hazimwonyi. Tukumbuke pia kwamba somo hili huweza kumwangukia mwalimu ambaye utaalamu wake ni wa kuandika programu na hakuwahi kuunganisha saketi, au mhandisi wa umeme ambaye hakuzoea kuandika programu. Huyu anahitaji msaada katika maana kabla ya msaada katika neno.

Twapendekeza kila istilahi iandikiwe kadi yenye mambo matano: neno lenyewe, maana yake kwa sentensi moja, mfano kutoka katika maisha ya wanafunzi, mahali ambapo mfano huo unaishia, na neno jirani ambalo lisichanganywe nalo. Kwa kache kadi ingesema hivi. Maana: kumbukumbu ndogo yenye kasi inayoweka nakala za yaliyotumika karibuni. Mfano: kibindo. Mwisho wa mfano: kibindo hujazwa na mwenyewe, kache hujazwa na mtambo. Neno jirani: rejista, ambayo mwandishi wa programu huiona na kuitaja. Jambo la nne ndilo ambalo waandishi wa istilahi husahau, nalo ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, kwa sababu mwanafunzi hukosea aghalabu pale ambapo mfano umekwisha naye akaendelea kuufuata.

Kadi hizo zitumike pamoja na viigizi, yaani programu zinazoiga kazi ya kichakataji kwenye kioo. Logisim ya Carl Burch humwezesha mwanafunzi kuchora saketi za mantiki na kuzijaribu. SPIM ya James Larus humwonyesha rejista zikibadilika agizo baada ya agizo. Zote mbili hupatikana bila malipo, na chuo kisicho na maabara ya saketi chaweza kuzitumia kwa kompyuta za kawaida. Mwalimu anaweza kuwataka wanafunzi waandike kwa Kiswahili, sentensi moja kwa kila pigo, mambo yanayotokea. Mwanafunzi anayeweza kuandika kwamba katika pigo la nne agizo la pili limekwama kwa kikwazo cha data, na kwa nini, ameelewa. Wala hatashindwa kuyaandika hayohayo kwa Kiingereza katika mtihani.

8. Hitimisho

Chama cha ACM cha Marekani kiliuweka mpangilio wa kompyuta katika mtaala wake wa mwaka 1968, na mtaala wa mwaka 2013, uliotolewa pamoja na chama cha IEEE, uliuweka usanifu na mpangilio kuwa eneo moja la maarifa. Wenzetu hao wamekuwa na zaidi ya nusu karne ya kuyazoea maneno yao, na hata hivyo mwandishi wao huweza kusema kumbukumbu akimaanisha diski. Sisi tunaoanza nyuma tuna nafasi ya kutenganisha tangu mwanzo mambo yanayopasa kutenganishwa: usanifu na mpangilio, kumbukumbu kuu na hifadhi, rejista na kache, agizo na amri, msururu na foleni.

Istilahi hizi ni mapendekezo. Mwisho wake utaamuliwa na matumizi, hasa katika vyumba vya madarasa. Kwa hiyo tunawaomba walimu wa somo hili wazijaribu kwa muhula mmoja, wazitie katika kadi, kisha watuandikie ni neno lipi lililowafaa na ni lipi lililowakwamisha wanafunzi. Barua ya mwalimu mmoja aliyesimama mbele ya wanafunzi, akaona neno linakataa, itatufaa kuliko kikao kizima cha kamati.